Siasa ya, siasa za: safari ya neno moja katika magazeti ya Kiswahili

Neno siasa lilitoka Kiarabu, na huko lilihusu farasi kabla ya kuhusu dola. Mzizi wake una maana ya kumtunza mnyama na kumwongoza. Anayefanya kazi hiyo Waarabu humwita sais, na Kiswahili kilimchukua huyo naye: saisi ni yule anayemlisha farasi, kumsugua na kumshika hatamu. Wanazuoni wa Kiislamu walilipandisha neno kutoka zizini hadi barazani, wakalitumia kwa uendeshaji wa umma. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliandika kitabu mashuhuri kuhusu siyasa inayofuata sheria ya dini. Kuanzia hapo neno lilibeba mambo mawili, busara ya mtawala na hatamu alizozishika, na uzito wa kila upande ulitegemea nani anasema.

Waswahili wa pwani walilipokea zaidi kwa upande wa busara. Kamusi zilizotungwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 hulieleza kwa maana ya upole, utaratibu na uangalifu. Mtu mwenye hasira huendewa kwa siasa. Mzigo wa vyombo vya kioo hushushwa kwa siasa, na mkwe mgumu huzungumzwa naye kwa siasa hadi akubali. Hakuna chama wala kura katika matumizi hayo. Kuna mkono mwepesi na ulimi uliopimwa. Maana hii haijafa, ingawa kijana wa leo aliyekulia mjini akisikia kwamba mgonjwa alinyanyuliwa kwa siasa huenda akacheka kwanza ndipo aelewe.

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili hayakulihitaji sana neno hili. Msimulizi, lililoanza Unguja mwaka 1888 chini ya misheni ya UMCA, na Habari za Mwezi la misheni hiyohiyo huko Magila katika miaka ya 1890, yaliandikiwa walimu, wanafunzi na waumini waliotawanyika vituoni: nani kahamishwa, nani kaoa, nani kafa, safari ilikuwaje. Kiongozi la Tanga, lililochapwa na shule ya serikali ya Wajerumani hadi vita vilipoikata kazi hiyo mwaka 1916, lilifikia makarani na maakida pia. Mambo ambayo leo yangepelekwa katika ukurasa wa siasa yalipita chini ya majina mengine: amri, habari za serikali, baraza, na zaidi ya yote shauri. Shauri lilikuwa ushauri, kesi, mkutano na uamuzi kwa pamoja, na lilitumika kiasi kwamba Wajerumani wenyewe walilitia katika lugha yao ya kikoloni. Penye shauri, siasa ilibaki kuwa sifa ya tabia njema. Kwa gazeti la mtawala hilo lilifaa: mambo ya nchi yaliletwa msomaji asikilize, hayakuletwa ayashindanie.

Mabadiliko yalianza kuonekana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa kwa sauti vibarazani na kupita mikono mingi kuliko nakala zilizouzwa. Mashairi yalijaa humo, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliojijengea jina katika kurasa zake. Barua za wasomaji zilibishana juu ya ustaarabu, elimu, mavazi, mahari, ushirika na maendeleo. Ni mabishano mazito, na mtafiti anayeyasoma leo huona wazi kwamba watu walikuwa wakijadili namna ya kutawaliwa na namna ya kuishi pamoja. Lakini hilo halikuitwa siasa. Gazeti lilikuwa la serikali, na serikali haikutaka siasa gazetini mwake. Hapo ndipo neno lilipopata kivuli chake cha kwanza: siasa ikawa jambo linalofanywa na watu wasiotakiwa kulifanya.

Vyama vya Waafrika vya wakati huo vilikielewa kivuli hicho vizuri. Chama cha watumishi wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 kwa uongozi wa Martin Kayamba, na African Association iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1929, vilijitambulisha kama vyama vya ustawi, elimu na umoja. Lugha hiyo ya upole ilikuwa yenyewe siasa kwa maana ya zamani ya pwani, yaani kumwendea mkubwa kwa taratibu ili asishtuke.

Mombasa hali ilikuwa tofauti kidogo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kuchapa Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Wasomaji wa aina yake walipata pia magazeti kutoka Misri, na Cairo kulikuwa na gazeti la chama lililoitwa Al-Siyasa, lililoanza mwaka 1922. Kwa masheikh na wafanyabiashara hao neno lilikuja limekwisha kukomaa. Kwao siasa ni elimu ya dola, na Mwislamu aliyeiacha alikuwa ameacha sehemu ya wajibu wake. Hivyo katika muongo mmoja neno moja lilisomwa Mombasa kama wajibu na Dar es Salaam kama hatari.

Dar es Salaam ilipata sauti nyingine Novemba 1937, Erica Fiah alipoanzisha Kwetu. Fiah alitoka Uganda, alikuwa na duka, na mwaka 1934 alikuwa ameunda chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Gazeti lake lilizungumzia leseni, mishahara, ushindani na wenye maduka wa Kihindi na dharau za maofisa. Lilitoka kwa kusuasua, fedha zikipatikana, hadi miaka ya mwanzo ya 1950. Umuhimu wake kwa habari hii ni kwamba malalamiko ya mkate na nyumba yalianza kuandikwa na mtu asiyelipwa na serikali wala misheni. Maofisa waliokuwa wakilifuatilia waliona siasa hata pale mwandishi alipoona bei ya unga.

Katika miaka ya 1950 neno lilitoka mafichoni. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilitoa waraka uliowazuia watumishi wake Waafrika kujiunga na TAA, yaani ile African Association kwa jina lake jipya. Kwa kufanya hivyo ilichora mstari ambao magazeti yote yalilazimika kuufuata: upande huu kazi ya serikali, upande ule siasa. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU, chama kilichokiri tangu siku ya kwanza kwamba ni cha siasa. Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, aliacha ualimu mwaka uliofuata. Ndipo chama cha siasa kikaanza kuzoeleka kama jina la kitu halisi, chenye ofisi, kadi na ada, na mwanasiasa akazaliwa kwa mfano wa mwanachama na mwanafunzi. Upole wa neno haukufutika palepale, kwa kuwa wazee wa pwani waliomsikia Nyerere akidai uhuru bila matusi wala mapanga waliweza kusema anakwenda kwa siasa, na wakawa sahihi kwa maana zote mbili.

Magazeti ya upande wa TANU yalilipa gharama ya maana mpya. Mwaka 1958 Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa Mwafrika walihukumiwa kwa uchochezi. Mwaka huohuo Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na maandishi ya Sauti ya TANU na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Sheria ya kikoloni haikuwa na kosa lililoitwa siasa. Ilikuwa na uchochezi na kashfa. Magazeti na wasomaji ndio waliojumlisha yote hayo chini ya neno moja, ndiyo maana mfungwa wa siasa alitofautishwa na mwizi katika mazungumzo ingawa walikuwa katika gereza moja. Baadaye kiambishi ki- kilitia mkono, mfungwa wa siasa akawa mfungwa wa kisiasa, na kisiasa likaanza kuambatana na chochote: hali, kesi, kifo, hata ugonjwa.

Unguja neno lilipata maana isiyopatikana katika kamusi nyingi, nayo ni maana ya wakati. Wazanzibari huitaja miaka ya kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi mwisho wa 1963 kama zama za siasa, au wakati wa siasa, kama vile wengine wanavyosema wakati wa njaa. Hakuna mahali pengine pa Afrika Mashariki ambapo magazeti madogo yaliota kwa wingi hivyo kwa idadi ya watu wake. Mwongozi lilisimama upande wa chama cha Hizbu, yaani ZNP. Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika waliounda Afro-Shirazi mwezi Februari 1957. Zanews lilikuwa la mrengo wa Abdulrahman Babu, ambaye alifungwa mwaka 1962 kwa uchochezi. Mengine yalitoka kwa mashine ya kudurufu, kurasa mbili tatu, na msomaji mmoja aliwasomea kumi barazani.

Katika magazeti hayo kila upande uliona kwamba wenziwe ndio waliokuwa na siasa. Wenyewe walikuwa na haki, umoja, dini au nchi. Siasa za wapinzani ndizo zilizoachanisha ndoa, zilizowafukuza maskwota mashambani na zilizogomesha watu kununua dukani kwa jirani. Mambo hayo yalitokea kweli. Wapangaji wa mashamba walitolewa kwa sababu ya vyama vyao, maduka yaligomewa, na maziko yalihudhuriwa kwa kuangaliana. Uchaguzi wa Juni 1961 uliishia kwa ghasia zilizoua watu 68. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 vyama vingine vilipigwa marufuku, serikali mpya ikatoa gazeti lake, Kweupe, na zama za siasa zikawa jina la kitu kilichopita. Mzee wa Unguja anayesema kwamba alioa wakati wa siasa anataja tarehe tu, ingawa ni tarehe yenye kidonda.

Kenya neno lilipitia mlango wa hali ya hatari. Baraza, gazeti la Kiswahili la kampuni ya East African Standard, lilikuwepo tangu 1939 na lilikuwa na nidhamu ya kibiashara. Sauti za chama cha KAU na za magazeti ya Kikuyu zilikuwa kali zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 magazeti mengi ya Waafrika yalifungwa, KAU ikapigwa marufuku mwaka 1953, na hadi katikati ya 1955 hapakuwa na chama cha siasa kilichoruhusiwa kwa Waafrika. Hata ruhusa ilipokuja ilikuwa ya wilaya kwa wilaya. Vyama vya nchi nzima vilisubiri 1960. Matokeo yake yanaonekana katika lugha ya habari: siasa za Kenya zilitajwa kwa mahali na kwa mtu, siasa za Nyanza, siasa za Ukambani, siasa za fulani. Taifa, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuzaa Taifa Leo la kila siku, lilirithi mtindo huo na halijauacha. Rais Daniel arap Moi naye aliliwekea neno mizani yake kwa kauli iliyonukuliwa sana, siasa mbaya, maisha mbaya. Mwalimu wa sarufi angeisahihisha iwe maisha mabaya, lakini kauli ilishika hivyohivyo kwa sababu ya mwendo wake, na wanasiasa wa Kenya bado wanaitumia.

Tanganyika huru, kisha Tanzania, ililichukua neno lililokuwa na shaka na kulifanya la heshima. Gazeti la TANU, Uhuru, lilianza mwaka 1961, na Ngurumo lililokuwa likichapwa Dar es Salaam tangu 1959 liliuzwa sana kwa bei nafuu na lugha ya mtaani. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa tamko ambalo jina lake kamili ni Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Msomaji wa leo hupita haraka juu ya jina hilo asione kilichomo. Siasa hapa ni mpango uliokubaliwa, mwelekeo wa nchi ulioandikwa. Mashindano ya watu wanaotaka vyeo hayamo. Ndani ya Azimio lenyewe neno linarudi katika orodha iliyokaririwa na kila mtoto wa shule: ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Neno safi linafaa kutazamwa. Lisingehitajika kama siasa peke yake ingetosha, nalo linaonyesha kwamba waandishi wa Azimio walijua neno lina uchafu uliobaki kutoka miaka ya nyuma.

Sarufi ndiyo inayomsaidia msomaji wa magazeti ya miaka hiyo. Siasa ni nomino isiyobadilika umbo katika umoja na wingi, hivyo kinachoitenganisha ni kiunganishi. Uhuru lilipoandika siasa ya chama, lilikuwa likizungumzia msimamo wake. Anayeandika siasa za chama anazungumzia magomvi ya ndani, fitina na kugombea. Siasa ya kutofungamana na upande wowote ni msimamo wa taifa katika mambo ya nje. Siasa za nje zinaweza kuwa chochote kinachotokea huko duniani. Habari za Afrika Kusini zilijaa siasa ya makaburu na siasa ya ubaguzi wa rangi, na hapa ya ilikuwa na kazi nzito, kwa sababu ilisema kwamba ubaguzi ule umepangwa, umeandikwa na una wenyewe, hautokani na hasira za watu wachache. Herufi moja ya mbele ilibeba hukumu nzima. Watunga sarufi wameieleza tofauti ya umoja na wingi kwa undani, lakini ni waandishi wa habari, kwa kuandika haraka kila siku, walioigeuza kuwa tofauti ya maana.

Miaka ya chama kimoja ilizidi kulitandaza neno. Mwezi Mei 1972, Iringa, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Kwa muda magazeti yaliandika kana kwamba siasa hupimwa kwa ekari na magunia, na kiongozi asiye na shamba alihesabiwa kuwa na kasoro ya siasa. Shuleni kulikuwa na somo la siasa lenye mtihani wake. Jeshini kulikuwa na makamisaa wa siasa. Chuo cha Kivukoni kiligeuzwa kuwa chuo cha itikadi cha chama. Katika habari za wakati huo mtu aliyeelezwa kuwa hana siasa hakusifiwa kwa kukaa kando. Alilaumiwa kwa kutoelewa mwelekeo wa nchi. Ni kinyume kabisa cha miaka ya 1930, ambapo karani asiye na siasa ndiye aliyepandishwa cheo.

Palibaki hata hivyo eneo moja ambamo maana ya zamani ya hatari iliendelea kufanya kazi, nalo ni dini. Onyo la kutochanganya dini na siasa lilichapwa mara kwa mara na magazeti ya chama kimoja na yale yaliyofuata. Ajabu ni kwamba waandishi haohao, walipotafsiri habari za mashirika ya nje, waliwaita wafuasi wa makundi makali ya kidini watu wenye siasa kali. Tafsiri hiyo ilikita mizizi, na ikafanya jambo la dini liingie kwa jina la siasa kila asubuhi katika kurasa ambazo upande wa pili zilihimiza mambo hayo yatenganishwe. Kurasa za michezo nazo zilikuwa na yao. Mabishano ya uongozi katika vilabu vikubwa vya soka yaliitwa siasa za klabu, kwa za ileile ya lawama, na hakuna shabiki wa Simba au Yanga aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Nje ya eneo hili neno halikutawala kila Kiswahili. Mashariki ya Congo, ambako Kiswahili kilikua pamoja na Kifaransa cha Wabelgiji, watu husema politiki, na siasa husikika zaidi kwa walioathiriwa na vitabu na redio za Tanzania na Kenya. Kwa hiyo upole wa pwani haukufika Lubumbashi, na politiki ya huko ilianza ikiwa imekwisha kuwa shughuli ya vyama na madaraka.

Kurudi kwa vyama vingi kulipasua neno tena. Kenya ilifuta kifungu cha chama kimoja mwezi Desemba 1991. Tanzania ilikuwa na Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni na kupendekeza mfumo wa vyama vingi ingawa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Sheria ya Vyama vya Siasa ikafuata mwaka 1992. Magazeti ya watu binafsi, kama Majira na Nipashe, yalijitokeza katika miaka hiyohiyo ya 1990 na kutafuta wasomaji kwa habari za vyama vipya, vikao vilivyovunjika na wanachama waliohama. Siasa za zikatawala ukurasa wa mbele. Somo la siasa shuleni liliondoka, uraia ukaingia.

Siasa ya, kwa maana ya mpango wa serikali, ndiyo iliyopoteza nafasi. Neno sera lilikuwa tayari kuichukua, na lilikuwa na faida ya kutokuwa na historia ya magereza, migomo wala magomvi. Mwaka 1995 Tanzania ilitoa Sera ya Elimu na Mafunzo na Sera ya Taifa ya Ardhi. Nyaraka hizo zingetoka mwaka 1967 zingeitwa, bila mtu kushangaa, siasa ya elimu na siasa ya ardhi. Anayetafuta mipango ya serikali katika magazeti ya kabla ya miaka ya 1980 kwa kufuata neno sera pekee atakosa sehemu kubwa yake. Aitafute chini ya siasa, na atazame kiunganishi kinachofuata.